Imeji ya Lisp iliyohifadhiwa inatoa kitu nisichokitarajia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu SBCL, mojawapo ya programu zinazoendesha lugha ya Common Lisp, kwenye Linux, maana ndiko ninakoshinda siku nzima. Kiwango cha ANSI cha mwaka 1994 hakisemi lolote kuhusu kuhifadhi imeji, kwa hiyo kila Common Lisp imejitafutia njia yake: SBCL ina `save-lisp-and-die`, Clozure CL ina `save-application`, CLISP ina `saveinitmem`. Majina yanatofautiana, maradhi yanafanana. Mifano mingi hapa inatoka kwenye programu ndogo ya stakabadhi za duka ninayoitunza.

## Imeji ni kitu gani hasa?

Ni kumbukumbu nzima ya Lisp iliyokuwa inafanya kazi, ikaandikwa kwenye faili kama ilivyo. Ukiita `save-lisp-and-die`, SBCL inafunga shughuli zake, inaandika kila kilichomo ndani yake, yaani funksheni, simboli, majedwali na maandishi, kisha inakufa kama jina linavyosema. Ukiendesha faili hiyo kesho, kumbukumbu inarudishwa mahali pake na funksheni uliyoitaja kwenye `:toplevel` inaitwa. Hakuna faili ya msimbo inayosomwa upya. Hakuna `defvar` inayofanyika tena.

Hapo ndipo mkanganyiko karibu wote unapoanzia. Unapoandika programu na kuijaribu, mistari ya juu ya faili na funksheni kuu vinafanyika ndani ya sekunde chache, kwenye mashine ileile, na mtumiaji yuleyule. Imeji inavitenganisha. Mistari ya juu ilifanyika Jumanne kwenye mashine ya kujengea. Funksheni kuu inafanyika leo kwenye seva, mwezi mmodi baadaye. Kwa hiyo ukiona thamani ya ajabu, swali la kwanza ni hili: thamani hii ilizaliwa siku ya kujenga au saa ya kuendesha? Maswali mengi yaliyo hapa chini yanajibika kwa hilo.

Vipo pia visivyovuka: faili zilizo wazi, soketi, nyuzi za utekelezaji, vielekezi (anwani za kumbukumbu) vya maktaba za C, na thamani zilizofungwa kwa `let` wakati wa kuhifadhi. Imeji inabeba vitu vya Lisp tu. Vya mfumo wa uendeshaji vinabaki nyuma.

## Tarehe kwenye stakabadhi haibadiliki. Kila siku ni ileile.

Mahali fulani una kitu kama hiki:

```lisp
(defparameter *sasa* (get-universal-time))
(defparameter *nyumbani* (user-homedir-pathname))
(defparameter *bandari* (sb-ext:posix-getenv "DUKA_PORT"))
```

Mistari yote mitatu ilijibiwa siku ya kujenga. Saa imeganda, `*nyumbani*` ni folda ya aliyejenga, na `*bandari*` ni `NIL` kama mashine ya kujengea haikuwa na kigeu hicho cha mazingira. `load-time-value` na `#.`, ambavyo hukokotoa thamani msimbo unapopakiwa au kusomwa, vina tabia hiyohiyo, ila vinajificha zaidi kwa sababu vinakaa katikati ya funksheni na jicho linavipita.

Tiba ni kuacha vigeu vitupu na kuvijaza mwanzoni mwa funksheni kuu:

```lisp
(defvar *bandari* nil)

(defun anza ()
  (setf *bandari*
        (parse-integer (or (sb-ext:posix-getenv "DUKA_PORT")
                           "8080")))
  (fanya-kazi))
```

Kwenye mfano wa `posix-getenv` kuna jambo zito kuliko tarehe. Kama kigeu hicho ni nenosiri la hifadhidata, basi nenosiri la mashine ya kujengea sasa limo ndani ya faili unayowagawia watu. Na ukijaribu kulitafuta kwa `strings stakabadhi | grep ...` huenda usilione ukadhani uko salama. SBCL huhifadhi maandishi mengi kwa baiti nne kila herufi, wakati `strings` ya kawaida inatafuta herufi za baiti moja. Tumia `strings -eL`, ambayo inasoma biti 32. Na imeji ikiwa imebanwa kwa `:compression`, hata hiyo haitakuonyesha kitu, kwa hiyo fanya upekuzi huu kwenye imeji isiyobanwa.

## Saa inatembea, lakini iko nyuma kwa saa tatu kamili.

Mdudu huyu alinila siku mbili. Mteja ananunua unga saa sita na dakika kumi na mbili mchana, stakabadhi inatoka na 09:12. Seva imewekwa vizuri, amri ya `date` inajibu saa sahihi ya Afrika Mashariki, na nikiendesha msimbo kutoka kwenye faili zake za awali kila kitu ni sawa. Imeji peke yake ndiyo inayokosea.

Programu ilikuwa inatumia maktaba ya `local-time`, nayo hupakia kanda ya saa kutoka `/etc/localtime` inapopakiwa. Imeji ilikuwa inajengwa kwenye mashine ya kukodi iliyowekwa UTC. Kanda ya saa ikaingia kwenye imeji kama kitu kingine chochote, na Dar es Salaam iko UTC+3. Nilichofanya ni kusoma hazina ya kanda zote siku ya kujenga kwa `(local-time:reread-timezone-repository)`, kisha kuchagua ninayoitaka wakati wa kuanza:

```lisp
(setf local-time:*default-timezone*
      (local-time:find-timezone-by-location-name
       "Africa/Dar_es_Salaam"))
```

Mpangilio huo una sababu. Hazina husomwa kutoka folda ya maktaba, na folda hiyo mara nyingi haipo kwenye seva. Ikishasomwa siku ya kujenga, jedwali lake linaishi ndani ya imeji na halihitaji folda tena.

Tofauti yoyote ya saa iliyo namba kamili, bila dakika za ziada, ianze kukufanya ufikirie kanda kabla ya kingine chochote.

## Amri zinazofanya kazi kwenye REPL zinakataliwa na imeji. Au simboli zinachapishwa na jina la pakeji mbele yake.

Ni ugonjwa mmoja. REPL ni pale unapoandika msimbo na kujibiwa papo hapo, na pakeji ni kundi la majina ambamo simboli huishi. Tazama:

```lisp
(in-package :duka)

(defun shughulikia (amri)
  (case (read-from-string amri)
    (mauzo (onyesha-mauzo))
    (stoo  (onyesha-stoo))
    (t (format t "Amri ~S haijulikani~%" amri))))
```

Kwenye REPL, ukiwa ndani ya pakeji `DUKA`, `(shughulikia "mauzo")` inaonyesha mauzo. Kwenye imeji unajibiwa `Amri "mauzo" haijulikani`.

`read-from-string` hutengeneza simboli ndani ya pakeji iliyoko kwenye `*package*` saa hiyo. `load` huifunga `*package*` inapoanza kusoma faili na kuirudisha inapomaliza, kwa hiyo ile `(in-package :duka)` haikuacha alama yoyote kwenye thamani ya jumla. Imeji ikiamka, `*package*` ni `COMMON-LISP-USER`. Unachosoma ni `CL-USER::MAUZO`, na `case` inatafuta `DUKA::MAUZO`. Simboli mbili zenye jina moja, kama Juma wawili wa nyumba tofauti.

Sasa mtego wenyewe. Ukitaka kuchunguza ukachapisha simboli uliyoisoma kwa `~S`, utaona `MAUZO` bila kiambishi, safi kabisa, na utaapa kwamba ndiyo yenyewe. Imechapishwa hivyo kwa sababu uko kwenye pakeji ileile ambamo imezaliwa kimakosa. Iliyo sahihi ndiyo ingechapishwa kwa sura ngeni, `DUKA::MAUZO`. Usiamini macho, uliza `(symbol-package s)`.

Unaweza kuzungushia funksheni kuu `(let ((*package* (find-package :duka))) ...)` na tatizo likaisha. Mimi nasisitiza ufanye zaidi: usisome maneno ya mtumiaji kwa `read-from-string` hata kidogo. Linganisha maandishi kwa `string-equal`. Msomaji wa Lisp, yaani sehemu inayogeuza maandishi kuwa msimbo, akikutana na `#.` huendesha msimbo uliofuata, na hilo si jambo la kumwachia mtu aliyeko upande wa pili wa kaunta.

Vigeu vingine vinavyopotea kwa njia hii ni vile ulivyovifunga kwa `let` kuzunguka wito wa kuhifadhi, kwa mfano `*print-pretty*` au `*read-default-float-format*`. Kuhifadhi kunakunjua kila kitu mpaka juu, na thamani za jumla pekee ndizo zinazobaki. Ndiyo maana bei iliyokuwa inatoka `1500.0` inaanza kutoka `1500.0d0`, au orodha ndefu inakatwa mistari miwili mahali ambapo hukuagiza. Nyuzi mpya nazo hupokea thamani za jumla, hazirithi `let` ya aliyezianzisha.

## Namba za bahati nasibu ni zilezile kila ninapoanzisha programu.

Hali ya `*random-state*` imehifadhiwa pamoja na imeji, kwa hiyo kila mwanzo ni mwanzo uleule. Weka `(setf *random-state* (make-random-state t))` kwenye mstari wa kwanza wa funksheni kuu. Ukiuweka juu ya faili, nje ya funksheni, utakuwa umebadilisha hali moja iliyoganda kwa nyingine. Na kama ni vocha au tokeni za kuingilia, `random` haifai kabisa. Soma baiti kutoka `/dev/urandom`.

## Programu haichapishi kitu chochote, au inachapisha kwa kuchelewa.

Ziko sababu tatu ninazokutana nazo.

Ya kwanza: hukuwa unachapisha. REPL huonyesha thamani ya kila unachoandika, na ukizoea hilo unaona kama funksheni yako inatoa matokeo. Ndani ya imeji hakuna REPL. Thamani inayorudishwa na `:toplevel` haionyeshwi popote.

Ya pili ni bafa, yaani hifadhi ya muda ya maneno yanayosubiri kutolewa. Maneno yasiyoishia na mstari mpya yanaweza kubaki kwenye bafa hadi baadaye, na ndiyo maana `Weka kiasi:` inaonekana baada ya mtumiaji kukata tamaa na kubonyeza kitufe. Ita `(finish-output)` kabla ya `read-line`. Kwenye REPL hukuliona hili kwa sababu REPL yenyewe humwaga bafa kila inapokusubiri.

Ya tatu ni namna unavyotoka. `(sb-ext:exit :abort t)` inaua mchakato papo hapo bila kumwaga mikondo, na mistari ya mwisho inakwenda nayo. Wengi huiweka kwenye njia ya makosa, pale hasa ambapo mistari ya mwisho ndiyo inayohitajika. Tumia `(sb-ext:exit :code 1)`.

## Seva yangu inaanza na kufa mara moja. Hakuna kosa, na msimbo wa kutoka ni 0.

Funksheni kuu imerudi. Kwa SBCL, `:toplevel` ikirudi ni sawa na kuita `exit` yenye `:code 0`, hata kama nyuzi nyingine zina kazi. Seva za wavuti kama Hunchentoot huanzisha uzi wao na kukurudishia udhibiti hapohapo. Kwenye REPL hilo halidhuru kwa kuwa REPL inabaki hai. Kwenye imeji, funksheni kuu lazima ibaki ikisubiri: `(loop (sleep 3600))` inatosha, au `sb-thread:join-thread` ukiwa na uzi wenyewe mkononi.

## "Ng’ombe" inatoka "ng?ombe".

Kiswahili hakina herufi nyingi zenye alama, na hilo linatulaghai: unaweza kujaribu programu wiki nzima kwa maneno ya kawaida na usione kasoro. Kisha anakuja mtu aliyeandika *ng’ombe* kwenye simu, na simu yake inaweka ritifaa iliyopinda (’), ambayo haimo kwenye ASCII, yaani seti ya msingi ya herufi za kompyuta. Papo hapo kunatoka alama ya kuuliza, au kosa la usimbaji.

Terminali yako ina lokali (mpangilio wa lugha na herufi) ya UTF-8. Cron na systemd, zinazoanzisha programu bila wewe kuwepo, mara nyingi huziendesha bila lokali hiyo, na kulingana na toleo la SBCL mikondo ya kawaida inaweza kufuata lokali inayoikuta. Kwenye faili ya huduma ya systemd weka `Environment=LC_ALL=C.UTF-8`. Kwenye msimbo, taja `:external-format :utf-8` kila unapofungua faili, usiache kibahatishwe. Ukitaka kutotegemea mazingira kabisa, jitengenezee mkondo wa kutolea ndani ya funksheni kuu:

```lisp
(sb-sys:make-fd-stream 1 :output t
                         :buffering :line
                         :external-format :utf-8)
```

Jaribio la haraka ni `env -i ./stakabadhi`, ambalo linaendesha programu bila kigeu chochote cha mazingira. Fanya hivyo kabla ya kupeleka popote.

## Nikiandika `./stakabadhi --version` inajibu toleo la SBCL badala ya langu.

```
$ ./stakabadhi --version
SBCL 2.2.9.debian
```

Kabla Lisp yako haijaamka, sehemu ya C ya SBCL husoma mstari wa amri na kujichukulia hoja inazozitambua: `--version`, `--help`, `--core`, `--dynamic-space-size`, `--noinform` na wenzake. Hifadhi kwa `:save-runtime-options t` na hoja zote zitakufikia wewe kwenye `sb-ext:*posix-argv*`, ya kwanza ikiwa jina la programu.

Fahamu kwamba chaguo hilo pia linagandisha ukubwa wa kumbukumbu uliotumika wakati wa kujenga. Ukijenga kwa `--dynamic-space-size` ndogo, mtumiaji hataweza kuiongeza kwa njia ya kawaida.

Ukitumia ASDF, zana ya kujengea miradi ya Lisp, kwa `asdf:make` na `program-op`, UIOP (maktaba inayokuja nayo) inakuwekea hili yenyewe kwenye SBCL. Lakini usichanganye njia mbili: `uiop:*command-line-arguments*` hujazwa na UIOP inapoamsha imeji, kwa hiyo ukihifadhi moja kwa moja kwa `save-lisp-and-die` yenye `:toplevel` yako, usitegemee kigeu hicho.

## Badala ya programu yangu inafunguka SBCL tupu yenye kinyota.

Angalia ukubwa wa faili kwa `ls -lh`. Imeji nzima yenye `:executable t` na isiyobanwa ina makumi ya megabaiti. Ikiwa yako imebaki chini ya megabaiti moja, kuna kitu kimepitisha `strip`, amri ya kupunguza ukubwa wa faili za programu, juu yake. SBCL hubandika kumbukumbu mwishoni mwa faili ya programu, na `strip` haiioni kama sehemu ya programu, inaikata. Kinachobaki ni ganda la SBCL, linalotafuta `sbcl.core` ya mashine: likiipata linakupa bango na kinyota (`*`) cha kusubiri amri, likiikosa linalalamika kwamba haioni faili ya msingi. Zana za kutengeneza vifurushi vya Debian huita `strip` zenyewe, kwa hiyo waliofungasha programu zao ndio huumwa zaidi.

Kama ukubwa ni sawa, basi ulisahau `:toplevel`.

Na ikiwa hukuweka `:executable t`, unaendesha kwa `sbcl --core`, SBCL hiyo lazima iwe ileile iliyojenga imeji. Sasisho dogo tu la mfumo linatosha kuifanya iikatae. Sioni sababu ya kugawa imeji kwa njia hiyo.

## Kumbukumbu za matukio zinapotea, au zinatokea mahali pasipo pake.

```lisp
(defvar *daftari* (open "/var/log/duka.log"
                        :direction :output
                        :if-exists :append
                        :if-does-not-exist :create))
```

Mkondo huu ni kitu cha Lisp, kwa hiyo umeingia kwenye imeji. Ndani yake kuna namba ya faili iliyotolewa na kernel siku ya kujenga, tuseme 5. Leo mchakato mpya hauna namba 5, na unapata `Bad file descriptor`. Hiyo ndiyo bahati njema. Bahati mbaya ni kernel kutoa namba 5 kwa kitu kingine kabla hujaandika. Nimewahi kukaa na mteja aliyekuwa anaona mistari ya daftari letu la ndani kwenye majibu ya seva: soketi yake ndiyo iliyopewa 5, na kila tulichoandika kwenye daftari kilimfikia yeye, pamoja na majina ya wateja wengine. Nikiona `open` nje ya funksheni kwenye msimbo wa mtu, hata kama inafanya kazi leo, namwomba aiondoe.

Fungua ndani ya funksheni kuu. Miunganisho ya hifadhidata ifanye vivyo hivyo. Kama maktaba usiyoimiliki inafungua vitu inapopakiwa, weka funksheni ya kuvifunga kwenye `sb-ext:*save-hooks*` na ya kuvifungua kwenye `sb-ext:*init-hooks*`.

## Inakataa kuhifadhi, inasema kuna nyuzi nyingi.

`Cannot save core with multiple threads running`. Unahifadhi kutoka SLIME, mazingira ya kuandikia Lisp ndani ya Emacs, ambayo ina nyuzi zake, au maktaba imeanzisha uzi ilipopakiwa. Jenga kutoka kwenye terminali, kwa SBCL mpya:

```lisp
;; jenga.lisp
(load "~/quicklisp/setup.lisp")
(push (uiop:getcwd) asdf:*central-registry*)
(ql:quickload :duka)
(sb-ext:save-lisp-and-die "stakabadhi"
  :executable t
  :toplevel #'duka::anza
  :save-runtime-options t)
```

```
$ sbcl --no-userinit --non-interactive --load jenga.lisp
```

`--no-userinit` inazuia `.sbclrc` yako isiingize mambo yako binafsi kwenye imeji ya wengine.

## Nimerekebisha funksheni lakini imeji bado inatumia ya zamani.

Umehifadhi kutoka kwenye Lisp uliyokuwa unaifanyia kazi tangu asubuhi. Humo kuna funksheni ulizozifuta kwenye faili lakini bado ziko hai kwenye kumbukumbu, `defvar` ambazo haziguswi thamani ikishakuwepo, na makro uliyoibadilisha bila kukompaili upya wanaoitumia. Jenga upya kwa hati iliyo juu. Ukiwa bado na shaka, futa faili zilizokompailiwa kwenye `~/.cache/common-lisp/`.

## Programu imekwama, na kwenye terminali kuna `0]`.

Kosa limetokea, na dibaga (zana ya kuchunguza makosa) inakusubiri uijibu. Kwa programu ya watumiaji, ita `(sb-ext:disable-debugger)`: kosa likitokea, maelezo yanakwenda kwenye mkondo wa makosa na programu inatoka na msimbo 1.

Kuna jambo linalowachanganya watu wawili wanaojenga msimbo mmoja. `--non-interactive` inazima dibaga, na hali hiyo inahifadhiwa ndani ya imeji. Aliyejenga kwa hati anapata imeji inayokufa vizuri. Aliyejenga kwa mkono kwenye REPL anapata imeji inayokwama. Iite mwenyewe ndani ya funksheni kuu na tofauti itaisha.

## Inaanguka na `Unhandled memory fault`.

Unatumia maktaba ya C, na kielekezi kilichopatikana siku ya kujenga kimehifadhiwa kwenye kigeu. SBCL hufungua upya maktaba zenyewe imeji inapoamka, lakini kumbukumbu iliyotengwa na maktaba hizo haipo tena. Kila kielekezi kipatikane baada ya kuanza. Na kama maktaba yenyewe haipo kwenye seva, utaona kosa la kuifungua kabla funksheni yako haijaguswa.

## Dalili yangu haimo hapo juu. Nianzie wapi?

Kwanza tenga. Pakia msimbo bila kuhifadhi, uite funksheni kuu moja kwa moja: `sbcl --load pakia.lisp --eval '(duka::anza)'`, ambapo `pakia.lisp` ni `jenga.lisp` bila wito wa kuhifadhi. Kosa likionekana hapo pia, imeji haina hatia, na utakuwa umejiokolea nusu siku.

Lisipoonekana, chapisha hali ya imeji kwenye mkondo wa makosa, mstari wa kwanza kabisa:

```lisp
(format *error-output* "~&~S~%"
        (list :pakeji (package-name *package*)
              :folda *default-pathname-defaults*
              :hoja sb-ext:*posix-argv*
              :programu sb-ext:*runtime-pathname*
              :lokali (sb-ext:posix-getenv "LC_ALL")
              :saa (get-universal-time)))
```

Hamisha imeji kwenye folda nyingine na uiendeshe kama mtumiaji mwingine. Njia za faili zilizoganda hujitokeza hapo, hasa zile zinazotoka `asdf:system-relative-pathname`, kwa kuwa hutaja folda ya msimbo kwenye mashine ya kujengea. `strings -eL stakabadhi | grep /home/` nayo itakuonyesha nyingi kwa mkupuo.

Na kama bado, hifadhi imeji ya pili kwa hati ileile, ukiondoa `:toplevel`, `:save-runtime-options`, `--non-interactive` na wito wowote wa `disable-debugger`, vinginevyo dibaga itabaki imezimwa. Ukiiendesha utapata REPL ndani ya kumbukumbu ileile yenye ugonjwa. Kagua kigeu kimoja kimoja kwa `describe`, kisha ita `(duka::anza)` kwa mkono na uiache dibaga ikuonyeshe mahali penyewe.